Jumamosi za Mjomba

Chwele,
10 Februari 2025

Kwako ndugu yangu Jotham,

Nakusalimu wewe, Phelista na watoto. Huku hatujambo, kwa kiasi cha watu wanaongoja mvua. Mukhwana amemaliza kulima shamba la juu na mgongo umemkumbusha umri wake. Ng'ombe mwekundu amezaa dume. Jirani anasema ni baraka, mimi nasema ni hasara, maana nilitaka mtamba. Kanisani akina mama wamenirudisha kwenye uenyekiti, nami nimekubali huku nimenuna, kwa hiyo usidhani unaandikiwa na mpagani.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu yako imenishinda. Nikipiga naimbiwa pambio hadi mwisho, kisha kijana fulani wa kwaya ananiambia mzee yuko kwenye ibada. Nikituma ujumbe unanijibu kwa picha ya mikono inayoomba. Nilikuuliza kama mmepanda: mikono. Nilikuambia shangazi amevunjika nyonga: mikono. Barua hii inaletwa na Khaemba, ambaye hupeleka kuku na vitunguu Kitale kwa pikapu kila baada ya soko letu. Nimemwagiza asiondoke mpaka akuone ukiifungua.

Neno lenyewe ni hili. Nelima wetu amepata mchumba. Kijana anaitwa Kiptum, afisa wa kilimo, mtaratibu, anakula polepole. Kwao ni juu mlimani, ni mjukuu wa mzee mmoja anayeitwa Kipkosgei, ambaye ndiye atakayeongoza wazee wao. Wanataka kuja kuzungumza mahari Jumamosi ya tarehe 15 Machi.

Unajua kwetu mazungumzo hayo hayafungwi bila khocha. Mukhwana atakuwepo kama baba, ukoo wake utajaa hadi uani, lakini kaka ya mama asipokaa akasema neno lake, msichana hajatoka. Na mchungaji wetu hatatangaza ndoa kanisani kabla ya nyumba mbili kukubaliana. Watoto wanataka kufunga ndoa Agosti. Basi wote hawa wanakungoja wewe mtu mmoja.

Mukhwana anauliza kama bado huli maini.

Dada yako,
Nangila


Kitale,
11 Machi 2025

Mpendwa dada katika Bwana,

Amani ya Mungu iwe nyumbani mwako. Sisi tu wazima kwa neema. Phelista ana kikohozi lakini anaimba nacho. Mahindi ya mwaka jana yameliwa na fukusi nusu ghala. Mpe shangazi pole, tunamwombea katika ushirika wa nyumbani kila Jumatano.

Barua yako niliipata, na Khaemba ni shahidi kwamba niliifungua. Nimechelewa kujibu kwa sababu ya majukumu. Unajua mimi ni mwenyekiti wa ujenzi, mlezi wa kwaya na kiongozi wa ushirika wa nyumbani, na sasa wameniongezea vijana. Jumamosi hiyo ya tarehe 15 tunaezeka kanisa. Mafundi wakiachwa peke yao hupigilia misumari kama watu wanaofukuza nyuki. Siwezi kuondoka.

Dada, mimi niliweka nadhiri kwamba kazi ya Mungu itakuwa kwanza na mambo ya nyumbani yatafuata nyuma. Wewe mwenyewe ulinifundisha hivyo Shule ya Jumapili, tena kwa kiboko. Tafuteni siku nyingine.

Nina swali pia. Je, huyo mzee Kipkosgei anakuja mwenyewe, au anatuma watoto wake? Na hivi kweli Nelima alikosa kijana wa kuolewa naye Bungoma nzima, na pale chuoni Kibabii anakofanya kazi wamejaa?

Ubarikiwe.
Jotham


Chwele,
17 Machi 2025

Jotham,

Hatujambo. Mvua imekuja. Hizo ndizo salamu.

Barua yako ilifika Alhamisi jioni, na wageni walifika Jumamosi asubuhi. Ulitaka niwarudishe kwa nini, kwa filimbi? Walishuka kutoka mlimani wakiwa wamevaa vizuri. Wakakaa. Wakala. Kisha Mukhwana, ambaye kusema uongo humtoa jasho, akasimama kuwaambia kwamba mjomba amezuiliwa na kazi ya Mungu. Wakatazamana. Wakaomba maji ya kunawa, wakaondoka. Siku nzima hakuzungumzwa hata ng'ombe mmoja.

Umeniuliza kama mzee alikuja mwenyewe. Alikuja, na fimbo yake na kofia yake. Unamuulizia wa nini? Kama ni umri wake unaokuhangaisha, basi ndiyo sababu zaidi ya kuharakisha.

Sasa nisikilize. Mimi nimeingia kanisani kabla yako na sijatoka. Naamka kabla ya jogoo kuomba, nafagia kanisa zamu yangu ikifika, nimepika ugali wa matanga mengi kuliko mahubiri uliyowahi kusikia. Lakini sijawahi kuambiwa na Mungu kwamba ana shughuli Jumamosi na hataki nionekane kwa ndugu zangu. Mungu wako wa Kitale ana ratiba kali sana. Huyu wa Chwele hutuachia nafasi ya kuzika, kuoza na kumtazama mgonjwa, na akitukosa kanisani saa hizo anajua tuko wapi.

Ati msumari. Mwinjilisti hana mikono? Mchungaji hana macho? Mkristo anayeamini kwamba kanisa litaanguka akiondoka siku moja anajihubiria mwenyewe.

Tumesogeza hadi Jumamosi ya tarehe 3 Mei. Usilete sababu.

Nangila


Kitale,
29 Aprili 2025

Mpendwa dada,

Bwana asifiwe. Tumepalilia, Phelista amepona, kijana wetu wa pili ameingia kwaya ya watoto.

Nimeomba sana juu ya tarehe 3. Kumbe askofu wetu anatutembelea wikendi hiyo kuja kuliona paa, na mwenyekiti wa ujenzi akikosekana ni aibu kwa ushirika mzima. Lakini sikuwasahau. Ninamtuma Mwinjilisti Hesbon akae mahali pangu. Ni mtu mnyenyekevu, mwenye hekima, na anaomba kwa nguvu. Nimempa baraka zangu zote. Lolote atakalolisema ni kama nimelisema mimi.

Kazi ya Mungu kwanza, dada. Mengine yote hujipanga.

Jotham


Chwele,
5 Mei 2025

Jotham,

Shangazi anatembea kwa mkongojo. Ndama anakua. Nimekusalimu.

Mtu wako alikuja. Alishuka kwenye bodaboda na koti jeupe na kitabu cha nyimbo kwapani, nasi tukamkaribisha vizuri maana hana kosa. Wazee wakakaa, wale wa mlimani upande mmoja, ukoo wa Mukhwana upande wa pili. Msemaji wao akauliza, "Mjomba wa msichana yuko?" Hesbon akasimama akasema, "Nimesimama badala yake." Basi wale watu, ambao walikuwa wamechoka na safari zetu, wakashukuru Mungu, wakafungua mfuko, wakamvika blanketi ya mjomba mabegani.

Naye akasema asante. Akaikaza shingoni.

Kaka mkubwa wa Mukhwana aliruka kwenye kiti. "Blanketi ya khocha inavaliwa na mtu ambaye hata hatujui kwao?"

Hesbon akasema, "Si ni blanketi tu, wazee. Tutampelekea mwenyewe, bana."

"Ukivikwa umevikwa. Sasa wewe ndiye mjomba. Haya, sema neno lako. Nyanya ya msichana huyu, mama ya mama yake, aliitwa nani?"

Hesbon akatazama chini, akatazama dari, kisha akasema, "Wapendwa, tuombe."

Jotham, aliomba. Aliombea serikali. Aliombea mbolea. Mimi nilikuwa jikoni na wanawake wenzangu, na dada ya Mukhwana akaninong'oneza, "Huyu akimaliza, huyo binti atakuwa nyanya." Alipofika amina nusu ya wageni walikuwa wamesinzia, pamoja na mzee Kipkosgei, na mbuzi amepoa na mafuta yameganda juu.

Wazee wetu wakatoa uamuzi. Siku hiyo haihesabiwi. Na blanketi ikiangukia bega lisilo lake, hakuna wa kuitoa isipokuwa mjomba mwenyewe, kwa mkono wake, mbele ya watu wale wale. Hesbon amerudi nayo Kitale. Huenda ameivaa sasa hivi.

Usiku Nelima aliniuliza, "Mama, Mungu na mjomba ni wangapi? Mimi naona wamekuwa mtu mmoja." Nilimtuma azime taa, na mimi hufundisha dini.

Nangila


Chwele,
9 Juni 2025

Jotham,

Mwezi mzima hujaandika. Khaemba anasema alikuona mlangoni pa kanisa, nawe ulipoiona pikapu ukaingia ndani kwa mlango wa wanakwaya. Mtu anayeogopa pikapu ya vitunguu ana jambo.

Nitasema mara moja. Nelima amefunga sanduku. Ameniambia kwa heshima, bila kupandisha sauti, na hilo ndilo lililonitisha: "Mama, nitangoja hadi mwisho wa mwezi huu. Baada ya hapo nitapanda mlimani kwa Kiptum bila mahari, bila kanisa, na mtasema mtakavyo." Atafanya hivyo. Ni mtoto wangu.

Akifanya hivyo, mimi nitavua uenyekiti wa akina mama, maana hakuna atakayenisikia nikiwafundisha mabinti zao. Hilo nitalistahimili. Lakini yeye atakuwa mke ambaye wakwe zake watamkumbusha, kila wanapokasirika, kwamba alijileta mwenyewe na sanduku. Hilo ndilo ulilomwandalia kwa utumishi wako.

Siku ni Jumamosi ya tarehe 28 Juni. Wageni wamekubali kwa mara ya tatu. Hakuna ya nne. Niambie ukweli unaokuzuia, au uje.

Nangila


Kitale,
14 Juni 2025

Dada Nangila,

Salamu. Nimekwisha andika barua hii na kuichana zaidi ya mara moja, kwa hiyo usinihukumu kwa mpangilio wake.

Wewe ulikuwa unafundisha Lodwar mwaka ule wa 1998. Baba alikuandikia kwamba msichana niliyetaka kumwoa alibadili nia. Hakubadili nia. Aliitwa Jelimo, na baba yake ni Kipkosgei.

Tulikwenda kwake kutoa posa, baba na mimi na wazee wawili wa kwetu. Siku waliitaja wao. Baba aliazima koti kwa mwalimu wa jirani. Tulifika kabla ya jua kuwa kali, tukaambiwa mzee yuko kanisani wanaezeka, tumngoje. Tukakalishwa kwenye benchi nje, kando ya zizi. Kanisa lenyewe lilikuwa pale pale kilimani. Tulimwona kwa macho yetu akishika ngazi. Naye alituona, maana tulitumiwa mtoto kuambiwa tungoje. Mchana ukapita. Mvua ikaja. Hakuna aliyetuita ndani, kwa sababu mwenye nyumba hakuwapo kutualika. Baba alikaa wima kwenye benchi lile kama mtu anayepigwa picha, maji yakimtiririka.

Jioni mzee alikuja akipangusa mikono. Akasema, "Kazi ya Mungu kwanza, wazee. Mtarudi siku nyingine." Akaingia ndani.

Njiani baba alikamua ncha za koti. Alisema, "Koti la watu limelowa."

Hakukubali kurudi, na mimi sikumwomba. Jelimo akaolewa Eldoret. Mimi nikaja Kitale, nikaokoka, nikampata Phelista, na simlaumu mtu kwa maisha yangu. Lakini ulipoliandika jina lile nilihisi tena kule kulowa. Siwezi kukaa mbele ya mzee huyo nikamwita mkwe. Nimejaribu kwa kufunga, nimejaribu kwa maombi. Kila nikijaribu kunakuja shughuli ya kanisa, nami naishika kwa mikono miwili.

Sasa umejua. Usimwambie Phelista habari ya Jelimo.

Jotham


Chwele,
16 Juni 2025

Ndugu yangu Jotham,

Mungu akupe afya. Nilisoma barua yako jikoni, nikalia, kisha nikakasirika tena. Sikujua habari ya koti. Baba alilala na jambo hilo mpaka anakufa na mimi nikidhani ni msichana tu aliyebadili nia.

Mzee yule alikosa. Silifuniki. Mtu anayemwacha mgeni kwenye mvua ili aezeke nyumba ya Mungu hajui ni nyumba ya nani anayoezeka. Kama angekuwa wa kanisa langu ningemwambia hivyo mbele ya mimbari.

Lakini tazama ulichokifanya wewe. Yeye alimweka baba kwenye benchi kwa jina la Mungu. Wewe umechukua benchi lile lile na jina lile lile ukamkalisha Nelima, ambaye mwaka ule alikuwa hajazaliwa. Hata paa hukubadilisha. Na tangu Machi umeniandikia "kazi ya Mungu kwanza" kwa maneno ya mtu unayemchukia, ukidhani ni ya kwako.

Mimi naamini Mungu ni kwanza. Nitaliamini mpaka mnizike. Maana yake ni kwamba yeye anatangulia nasi tunamfuata, hata akielekea mahali tusipopapenda, kwa mkwe mbaya, kwa mgonjwa anayenuka, kwa ndugu tuliyegombana naye. Wewe hukumweka mbele ili umfuate. Umemweka mbele kama gunia la mahindi linaloegemezwa mlangoni, asiingie mtu. Ukihubiri, ukiimba, ukipanda ngazi, unalisukuma gunia. Nami nikiwa nje nagonga, unaniambia, "Bwana asifiwe."

Na wakristo wa namna yako tunao wengi huku pia, usijione wa pekee. Mama anayekesha katika maombi na mkwewe hana kuni. Mzee anayeshika sahani ya sadaka na hasemi na kaka yake wa tumbo moja. Wote wana vyeo, na wote hawana nafasi Jumamosi.

Sikuombi umpende Kipkosgei. Sikuombi hata usahau. Njoo na hasira yako, ukae, umseme ukitaka kumsema, kisha mtoto atoke kwetu kwa mlango. Tarehe 28. Mlete Hesbon na blanketi.

Phelista hataambiwa na mimi. Lakini ni mwanamke. Huenda alijua kabla yangu.

Nangila


Chwele,
30 Juni 2025

Jotham,

Wote tu wazima, na mchungaji atatangaza ndoa Jumapili hii. Nelima amefungua sanduku. Anaimba hadi nataka kumwambia anyamaze.

Ulikuja. Ulimvua Hesbon blanketi mbele ya watu, ukamtaja nyanya na nyanya ya nyanya, ukasema neno lako, na nilipigwa na moshi jikoni nikisikia sauti yako nikadhani ni baba. Nakushukuru.

Lakini una tabia mbaya ambayo wokovu haujaigusa. Baada ya ng'ombe kukubaliwa, chakula kimepakuliwa, wewe na mzee Kipkosgei mkapotea. Mukhwana anasema mlikwenda kuangalia ng'ombe. Ng'ombe walikuwa mbele yetu uani. Wageni walikaa na mikono iliyonawa hadi ikakauka. Mkarudi mmelowa wote wawili kama watu waliotolewa mtoni, mkakaa, mkala, na alfajiri ukaondoka.

Nauliza kama dada yako mkubwa: mlikuwa wapi?

Nangila


Kitale,
5 Julai 2025

Dada Nangila,

Salamu kwenu wote. Phelista anawasalimu na anasema atakuja wiki ya ndoa kusaidia kupika. Nilipomwambia juu ya Jelimo alisema, "Hilo tu?" akaendelea kuchambua maharagwe. Kanisani, Jumamosi ile niliyokuwa kwenu, waliweka milango. Imefunga vizuri. Hakuna aliyeniuliza chochote.

Nitakueleza tulikokuwa.

Nilimwambia mzee tutoke kidogo. Nilikuwa nimejiandaa, nina maneno ya miaka yote hiyo. Nikamwambia habari ya posa, ya benchi, ya mvua. Alinisikiliza akiegemea fimbo, kisha akasema, "Mwanangu, sikumbuki."

Nilimtazama vizuri. Hakuwa anakwepa. Hakumbuki. Siku ambayo mimi nimeitembeza kila mahali, kwake haikuwahi kuwa siku.

Akaniuliza, "Nilikuwa wapi?"

"Kanisani, mzee. Mlikuwa mnaezeka."

"Lile la kilimani?"

"Lile."

Akafikiri sana. "Lile upepo uliling'oa mabati yote mwaka uliofuata. Tulijenga lingine chini, karibu na barabara."

Dada, sikujua nicheke au nimshike shingo. Nadhani hata yeye hakujua. Kisha akauliza, "Huyo baba yako, mwenye koti. Yuko ndani na wazee wale? Sikumwona vizuri, macho yangu yameharibika. Nimwombe radhi kabla ya kula."

Nikamwambia baba amezikwa kwetu, ng'ambo ya kijito.

Akasema, "Nipeleke."

Nikamwambia ni mbali kwa miguu yake, na wingu limefunga, na chakula kiko tayari. Akaanza kutembea, upande usiokwenda huko, hadi nikamshika mkono nikamgeuza. Tulivuka kwenye yale mawe, nikimbeba karibu nusu. Tukafika kaburini. Akavua kofia. Nikainamisha kichwa nikingoja aombe, maana ni mzee wa kanisa, na wewe unajua jinsi sisi tunavyoomba. Hakuomba.

Mvua ikaanza, mwanzo kidogo, kisha yenyewe. Nikamwambia, "Mzee, twende, utalowa."

Akasema, "Wewe nenda ukale. Mimi acha nikae naye."

Sikwenda.

Ndugu yako,
Jotham